Robotron: 2084 huchezwa kwa mikono miwili

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwaelekeze vijana wa hapa Dodoma namna ya kuucheza mchezo wa kompyuta wa Robotron: 2084, ambamo mchezaji hupambana na roboti na kuwaokoa wanadamu, uliobuniwa na Eugene Jarvis na Larry DeMar na kutolewa Marekani mwaka 1982, kwani wengi ninaowaona wakiujaribu huuacha baada ya dakika mbili wakidai kwamba haushindiki.

Kosa lao ni kutumia mkono mmoja. Mkono wa kushoto huongoza mwendo na wa kulia huelekeza risasi katika pande 8, hivyo mchezaji aweza kukimbilia juu huku akifyatua chini, jambo ambalo mjukuu wangu alilizoea siku moja na mimi wiki nzima. Asiyetembea huzingirwa mara moja, maana roboti za kawaida huongeza kasi kadiri anavyochelewa kuzimaliza. Roboti iitwayo Hulk, ile ya kijani, haifi kabisa. Risasi huisukuma nyuma tu, basi isipotezewe muda isipokuwa imeziba njia. Roboti za duara zipigwe mapema, kabla hazijazaa nyingine zenye kurusha risasi.

Nasikitika kuona wachezaji wakiwapita wanadamu uwanjani kana kwamba ni mapambo, ilhali wa kwanza kuokolewa katika awamu huleta pointi 1,000, wa pili 2,000, na kuendelea hadi 5,000 kwa kila mmoja. Mjukuu wangu hunishinda hapo hapo.

Msomaji wako,
Dodoma