Mwandishi mpya wa watoto asichanganye mchapaji na mchapishaji

Ndugu Mhariri,

Nafundisha darasa la pili hapa Morogoro, na walimu wenzangu wenye hadithi nzuri za watoto huniuliza mara kwa mara, "Mwalimu, kuchapisha kitabu ni shilingi ngapi?" Swali hilo hunihuzunisha, kwa sababu anayestahili kulipwa na mteja ni mchapaji, mwenye mitambo; mchapishaji ndiye anayegharimia uhariri, michoro na uchapaji, akauza vitabu, kisha akampa mwandishi mrabaha, yaani sehemu ya fedha za mauzo, kwa mujibu wa mkataba.

Nayasema haya kwa kuwa yamenipata. Kitabu changu cha kwanza nilikipeleka kwa mchapaji aliyejiita mchapishaji, nikalipia nakala 1,000 kwa fedha za mkopo. Hakuna mhariri aliyekigusa, maneno yalibanwa hadi yakafunika miguu ya mbuzi aliyekuwa mhusika mkuu, na ISBN, yaani namba ya kimataifa ya kukitambulisha kitabu, ambayo hapa nchini hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, haikuombwa kabisa. Maduka yalikikataa, na maboksi yake yangali chini ya kitanda changu.

Mswada wa pili niliuandaa kwa namna nyingine. Nilichukua karatasi 6, nikazikunja katikati na kuzishona kwa uzi, nikapata kurasa 24, nikaigawa hadithi ukurasa kwa ukurasa na kuwasomea wanafunzi wangu. Tulipofika ukurasa wa 11 walianza kuchezea kalamu zao, hivyo nikaifuta aya niliyoipenda kuliko zote, na siku iliyofuata walisikiliza hadi mwisho.

Najua wachapishaji nao wana mzigo, maana michoro ya rangi ni ghali na mzazi hamudu bei kubwa. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, uliupunguza mzigo huo kwa kununua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni, na kwa utaratibu huo mchapishaji aliweza kuthubutu kumpokea hata mwandishi asiyejulikana. Naziomba halmashauri zetu zitenge fungu la kununua vitabu vya hadithi kwa ajili ya maktaba za shule kwa utaratibu wa aina hiyo. Wachapishaji nao nawaomba wawajibu waandishi wanaowaletea miswada, hata kama jibu ni la kukataa, kwani mwandishi anayesubiri kimyakimya kwa mwaka mzima ndiye anayeishia kwenda kukopa na kubisha hodi kwa mchapaji.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Morogoro