Wazazi vijana, mtoto wa miaka saba alale kwenu

Wanangu mlioko Dar es Salaam, Dodoma na kokote kazi ilikowapeleka,

Assalaamu alaykum.

Desemba 2022 mjukuu wangu alikuja Tanga likizo. Alikuwa darasa la pili, analala bweni. Bibi yake akampakulia wali na samaki. Mtoto akala mbiombio, mkono wa kushoto kauzungushia sahani asije mtu akampokonya. Usiku nikaenda kumfunika shuka, nikakuta viatu vyake chini ya mto. Asubuhi nikamuuliza. Akanijibu, "Babu, usipovilalia vinaibwa."

Ada ile nami nilichangia. Nikatamba barazani kwamba mjukuu wangu anamwaga Kiingereza. Kwa hiyo siwaandikii kuwasuta. Nawaandikia kwa sababu limeniuma.

Mimi ni mtu wa zamani. Naamini nyumba ina wenyewe, na Serikali isiingie hadi chumbani kutupangia malezi. Lakini mwaka 2023 ilipopiga marufuku bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, niliona haya. Yaani mpaka Wizara itoe waraka ndipo tukae na watoto wetu! Na bado nasikia wapo wanaotaka kumpangishia mtoto kwa matroni, jirani na shule. Wanangu, msifanye hivyo.

Mtume, rehema na amani zimshukie, alituagiza tuwaamrishe watoto wetu kusali wakifika miaka saba. Aliyeagizwa ni mzazi. Matroni mwenye watoto arobaini, hata awe mcha Mungu kiasi gani, atawaamsha kwa kengele. Hawezi kumpa mtoto ile picha ya baba yake anatawadha alfajiri, maji yakimchuruzika viwikoni. Jirani zangu Wakristo nao wanalia na hilohilo: sala ya jioni ya familia inakufa kwa kukosa watoto nyumbani.

Foleni za Mbagala nazijua. Najua mnatoka gizani na kurudi gizani, na kumpata dada wa kazi wa kuaminika ni shida. Basi mleteni mtoto kwa bibi yake. Au gari la pili lingoje, kiwanja kingoje, mmoja wenu awahi kurudi.

Mjukuu wangu sasa yuko shule ya kutwa hapahapa Tanga, na jioni anakwenda chuo cha Kurani na juzuu yake. Viatu vilichukua miezi mitatu kurudi mlangoni.

Babu yenu,
Tanga