Betri na shokapu zimetokea vitani

Mhariri salaam, naomba nafasi kidogo. Ukurasa wenu wa lugha kila wiki methali tu, hebu gusieni na haya maneno ya kizungu tunayoyasikia gereji. Chukua shokapu, imetoka kwenye shock ya Kiingereza, yaani mshtuko, na ile shock ya mwanzo haikuwa ya gari wala ya umeme, Waingereza waliitoa kwa Wafaransa karne ya 16 ikimaanisha majeshi mawili yakivaana, farasi kwa farasi mikuki mbele, umeme umekuja kudandia baadaye sana. Na betri je? Imetoka kwenye battre, yaani kupiga kwa Kifaransa, ikawa kipigo, ikawa safu ya mizinga, halafu miaka ya 1740 Benjamin Franklin kule Marekani kapanga chupa zake za kutunzia umeme mstari mmoja akaziita hivyo hivyo, jina likaganda mpaka leo kwenye tochi. Hit, yaani kupiga kwa Kiingereza, ndo inanichekesha, Waviking, wale mabaharia wa kale wa Skandinavia, walikuja nayo Uingereza ikimaanisha kukutana na kitu tu, kipigo Waingereza wamejiongezea wenyewe. Ila shoti ya waya sio shock jamani, hiyo ni short ya saketi, yaani umeme kukatiza njia fupi, msichanganye mafaili.

Msomaji wenu, Tanga