Mtungi wa gesi tumepewa, kujaza je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni kuhusu hii habari ya nishati safi ya kupikia, maana siku hizi ukifungua redio ni nishati safi, ukienda kwenye mkutano wa kiongozi unakuta mitungi imepangwa mbele na akina mama wamekaa kwenye viti vya plastiki wanasubiri kuitwa majina, na mimi sipingi hata kidogo, naunga mkono kabisa, ila kuna kitu naona kinarukwa kila siku.

Mimi nakaa Gongo la Mboto. Huku kwetu mkaa tunauona kabisa unavyoingia mjini, alfajiri bodaboda zinashuka kutoka Pugu na Kisarawe zimefungwa magunia nyuma mpaka dereva anakaa juu ya tenki la mafuta, taa ya nyuma huioni, na hayo magunia ni lumbesa yameshonewa kichwa juu. Zamani ilikuwa baiskeli, sasa ni pikipiki, ndio maendeleo. Mwingine unatoka mbali, Rufiji, Handeni, Kilosa huko, unakuja na malori. Ila hivi vilima vya Pugu na Kazimzumbwi hapa juu yetu navyo vilikatwa miti sana miaka ya nyuma, na huko huko ndiko unakoanzia Mto Msimbazi ambao kila masika unajaa Jangwani, mabasi yanasimama na watu wanavua viatu. Tukifika Jangwani tunalaumu takataka na waliojenga bondeni, sawa, nao wamo, lakini mlimani kulikokatwa miti je?

Serikali yenyewe inasema nchi inapoteza karibu hekta 469,000 za msitu kwa mwaka. Sio zote za mkaa, tusidanganyane, mashamba ya kuhamahama na mifugo nayo yanakula sana, lakini huu mkaa tunaoununua sisi watu wa Dar ni wetu, hatuwezi kumsukumia mtu mwingine.

Sasa Mei 2024 Rais Samia akazindua mkakati wa taifa kwamba ikifika 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Lengo zuri. REA, wakala wa serikali wa nishati vijijini, nao wanauza mitungi ya kilo 6 kwa nusu bei, watu wamechukua, mtaani kwetu nyumba nyingi unakuta mtungi upo. Ila ingia ndani uone unafanya kazi gani. Kwa jirani yangu mmoja, mama anauza maandazi na chapati asubuhi, mtungi upo kwenye kona ya sebule umefunikwa kitambaa cha kufuma na juu yake kuna redio. Gesi iliisha kitambo. Anapikia mkaa.

Na sio kwamba hajui faida yake, wale wanaosema wananchi wanahitaji elimu tu waje waongee nae. Anajua moshi unamuumiza kifua, anajua gesi inawahi, anajua mpaka hesabu kuliko mimi. Kopo la mkaa kwetu elfu moja na mia tano, siku ya biashara anamaliza mawili, hiyo ni elfu tatu, kwa wiki ni elfu ishirini na moja, wakati mtungi mdogo kuujaza ni ishirini na kitu elfu. Kwa hiyo mkaa sio rahisi jamani, hela ya mkaa ya wiki moja inakaribia kujaza mtungi! Lakini mkaa unauzwa kwa kopo. Hela ya kopo inapatikana kila siku kwenye mauzo ya maandazi, ila ishirini na kitu elfu ya mkupuo, na ada ya mtoto, na kodi ya chumba, na kikoba, haikai mkononi hata siku mbili. Hapo ndipo penye ishu yote na ndipo hapaongelewi, tunagawa mtungi tunapiga picha tunaondoka.

Ushauri wangu ni kwamba gesi iuzwe kama mkaa unavyouzwa, kidogo kidogo. Na sio ndoto, hapa hapa Dar ipo mitungi yenye mita, unalipia kwa simu kiasi ulichonacho, ikiisha hela inajifunga, ukiweka tena inawaka, ila bado iko maeneo machache. Hiyo ruzuku inayowekwa kwenye kununua mtungi ingehamia huko, hata kama mitungi itakayogawiwa itakuwa michache. Afadhali nyumba 10 zinazopika kila siku kuliko nyumba 50 zenye stendi ya redio.

Na umeme je? Tuna bwawa la umeme la Nyerere, megawati 2,115, tumeambiwa umeme upo wa kutosha. Majiko ya presha ya umeme yapo, maharage yanaiva kwa chini ya uniti moja, nimeona kwa macho yangu. Lakini watu wa kipato cha chini wako kwenye ile bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti ambayo mwisho wake ni uniti 75 kwa mwezi, zaidi ya hapo bei inaruka zaidi ya mara tatu, alafu ukizidisha zidisha unahamishwa kabisa kwenye kundi la juu. Sasa unamwambia mtu apikie umeme huku ukimwadhibu akipikia umeme? Wahusika waangalie hilo, uniti za kupikia ziongezwe juu ya zile 75.

Nije kwenye elimu ya mazingira maana nayo inanikera kidogo. Kuna shule ya msingi mkoani, siitaji, mtoto wa dada yangu anasoma hapo, kila wiki mwanafunzi anatakiwa aje na kuni za kupikia uji na makande. Asipokuja nazo anarudishwa. Na shule hiyo hiyo ina klabu ya mazingira, ukutani wameandika kata mti panda mti kwa rangi ya kijani! Mtoto atashika lipi, la ukutani au la kuni anazookota porini na dada zake Jumamosi? Serikali ilishatoa agizo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na baadhi ya magereza na shule za bweni kweli zimebadilisha, hongera zao. Ila hizi shule za kata na za msingi huko vijijini agizo limefika bila jiko. Mwalimu mkuu atatoa wapi hela ya mfumo wa gesi, kwenye hela ya chaki? Tuanzie jikoni kwa shule, mtoto akiona sufuria la makande linachemka bila moshi somo limeingia hata kama mwalimu wa mazingira hayupo siku hiyo.

Kuhusu kupanda miti nitasema kidogo. Kila halmashauri imepewa lengo la miti milioni 1.5 kwa mwaka, na tunapanda, tena kwa mbwembwe, mgeni rasmi anashika koleo, miche inaingia ardhini mwezi ambao mvua imeshaanza kukata. Baada ya hapo nani anamwagia? Ripoti inaandikwa miti iliyopandwa, ingeandikwa iliyo hai baada ya miaka miwili tungeona aibu. Alafu kuna kitu wenyeji wa miombo, ile misitu ya asili ya bara, wanakijua ambacho sisi wa mjini hatukijui, mti wa miombo ukikatwa vizuri kisiki kinachipua chenyewe, hauhitaji mche wala koleo la mgeni rasmi, unahitaji tu watu wasilime pale, wasichome moto, na mbuzi wasile machipukizi. Kule Kilosa vijiji kama Ulaya Mbuyuni vilifanya hivyo, msitu wa kijiji ukagawanywa vitalu, kikikatwa kimoja kinaachwa miaka 24 kipumzike, wachomaji wakafundishwa kupanga tanuri vizuri wapate mkaa zaidi kwa magogo machache, na ushuru ukabaki kijijini ukajenga madarasa. Mwanakijiji akiona msitu unamjengea darasa atamfukuza mwenyewe mvamizi, huhitaji kumletea askari kila siku.

Nasema haya kwasababu kuna wenzangu wanataka mkaa upigwe marufuku kesho asubuhi. Ilishajaribiwa 2006, haikuchukua hata mwezi ikaachwa, kilichobaki ni bei kupanda. Mkaa utakuwepo miaka mingi bado tupende tusipende, bora utoke kwenye vitalu vya vijiji kwa kibali kuliko kutoka hifadhini usiku.

Ombi langu la mwisho Mhariri ni kwa gazeti lako. Mkienda tena kuripoti ugawaji wa mitungi, chukueni majina ya hao akina mama, rudini baada ya miezi mitatu muwaulize wamejaza mara ngapi, muandike ukurasa wa mbele.

Ni mimi msomaji wenu,
Gongo la Mboto, Dar es Salaam