Fantasy: wiki hii tunafunga Ijumaa, si Jumamosi

Wanaligi, habari za jioni, poleni na kazi.

Ratiba ya Fantasy, mchezo wetu wa mtandaoni wa kupanga vikosi vya wachezaji halisi na kupata pointi kwa wanavyocheza uwanjani, imebadilika. Ligi Kuu ya Uingereza wiki hii inaanza Ijumaa saa 5:00 usiku, na vikosi vinafungwa dakika 90 kabla, yaani saa 3:30 usiku kwa saa zetu. Ukisubiri Jumamosi, utacheza na kikosi cha wiki iliyopita.

1. Usihamishe mtu leo, yaani usibadilishe mchezaji kikosini. Makocha wengi wanaongea na waandishi kesho na Ijumaa mchana, na hapo ndipo majeruhi wanapojulikana. Kila uhamisho unaozidi ule wa bure unakata pointi 4. Kwangu mimi, heri kumvumilia anayepata dakika kuliko kukimbilia jina jipya.

2. Nahodha msaidizi tumchague kwa makini. Pointi zake zinaongezwa mara mbili pale tu nahodha asipocheza kabisa. Nahodha akiingia hata dakika ya 89, msaidizi hana chake. Benchi nalo lipangeni: mwenye uhakika wa kuanza awe wa kwanza.

3. Mchango wa mwezi ni Sh 2,000, umfikie mweka hazina kesho kabla ya saa 2:00 usiku.

Jumapili tunaangalia mechi pamoja, palepale pa siku zote, kuanzia saa 1:00 jioni.

Naomba kila mmoja ajibu hapa kabla ya kesho usiku: NIMEELEWA kwa muda mpya, na NAKUJA au SIJI kwa Jumapili, nijue idadi ya viti. Waliojiunga juzi wakikwama kupanga kikosi, wanipigie tu, niko hewani.