Chakula cha friza si kiporo, jamani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nitoe la moyoni, maana nimechoka kuelezea mtu mmoja mmoja hapa mlangoni.

Mie nakaa Kisauni na mamangu mzazi, mwaka jana alipigwa na kiharusi upande mzima wa kulia ukalala. Mgonjwa wa hivyo anataka kugeuzwa kila masaa mawili, usiku na mchana, la sivyo anatoka vidonda mgongoni, na hizo nepi za watu wazima bei yake wanaijua wanaozinunua. Zamani jioni nilikuwa nakaanga viazi karai na bhajia hapo barabarani, sasa utasimamaje kwa karai na mama yuko ndani peke yake? Ndo nikaona bora nipike akilala, nigandishe, mteja aje achukue kwa wakati wake. Kakangu akanichangia friza ya mtumba nikaanza, mbaazi, maharage ya nazi, mchuzi wa nyama, pilau, na sambusa mbichi.

Kupika hakunishindi. Kinachonishinda ni hilo neno kiporo. Mtu anashika kontena anaona nimeandika tarehe ya wiki jana, anabetua mdomo, "aah, si kiporo hiki?" Kiporo ni chakula kilicholala kwenye sufuria usiku kucha na joto letu hili tunalolijua. Changu kikiiva tu sufuria naiketisha kwenye beseni la maji ya barafu nakoroga mpaka kipoe, napakia kwa makontena bapa yasiyo na kina ili kishike baridi haraka, na kabla ya masaa mawili kishaingia friza, nyuzi 18 chini ya sifuri. Kwa baridi hiyo vijidudu havizaani. Sisemi vinakufa, hapana, ndo maana kila mteja namwambia akipashe mpaka kitokote na asikianike juu ya meza kutwa nzima ati kinayeyuka, kiyeyushie ndani ya friji.

Na mbona sambusa za Ramadhani hamuulizi? Shaabani yote mji mzima unakunja manda na kujaza friza, na kwenye futari mnazila mkisifu mkono wa mpishi. Ikiwa sambusa ya wiki tatu ni halali yenu mbaazi zangu za siku sita zina kosa gani?

Haya, na kweli si kila kitu kinakubali baridi. Pilau yangu ya kwanza niliitia viazi kama kawaida yetu, kuja kuyeyusha viazi vimekuwa sponji, ukivibana vinatoa maji, tukaila wenyewe nyumbani siku tatu mfululizo mpaka mama na ulemavu wake akaanza kukataa kwa mkono. Tui nalo likanitia aibu, lilikatika, mafuta kivyake maji kivyake. Siku hizi pilau ni nyama na wali tu, na mbaazi nazigandisha na tui jepesi, tui zito nalipakia kando, mtu anamimina akipasha na kukoroga kwa moto mdogo linashikana vizuri tu.

Kuna stima pia, hiyo inapotea bila taarifa. Nilichojifunza ni kuwa friza iliyojaa usipoifungua inashika baridi hata siku mbili, ikiwa nusu ni kama siku moja hivi, kwa hivyo nikiuza nafasi ikabaki nasukumia chupa za maji zigande humo humo. Ila wajukuu wa nyumba hii wakisikia stima imepotea cha kwanza ni kukimbilia kufungua wachungulie kama barafu zimeyeyuka, nimetia kufuli.

Wa mkopo siwasemi leo, nafasi ni ndogo.

Ninaloomba ni hili, mkija mniulize kimepikwa lini, kimepozwa vipi, hata cheti changu cha afya nitakutoleeni mkione, hayo ni maswali ya mnunuzi. Na yule dada wa Tudor aliyenirudishia mbaazi mbele ya watu ati kiporo, zilikuwa kontena sita dadangu, umerudisha nne.

Mpishi wa nyumbani,
Kisauni, Mombasa