Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Mwaka huu chama chetu kilijitwika kazi moja: kusikiliza hadithi za Feakle, kijiji cha mashariki ya kaunti ya Clare, Ireland, ambako baadhi yetu tunaishi. Wapo waliouliza, za nini ngano za wenyeji wakati zetu zinapotea? Swali la haki. Mimi jibu nililipata pale majirani walipoanza kutukaribisha chai.

Karibu kila nyumba tulisimuliwa Biddy Early, mganga aliyefariki mwaka 1874. Husemwa alikuwa na chupa ya buluu, akiitazama anajua mgonjwa ana nini. Mapadri walimpiga vita, wagonjwa hawakuacha kumwendea. Alipokufa, chupa ikatupwa katika ziwa la Kilbarron.

Mwezi Mei tulikwenda Latoon, huko huko Clare, kuuona ule mti wa miiba kando ya barabara kuu, ukiwa umechanua meupe. Mwaka 1999, ujenzi wa barabara ulipoutishia, msimulizi Eddie Lenihan alitangaza kwamba hapo ndipo "watu wema", viumbe wasioonekana mfano wa majini, wa mkoa wa Munster hukusanyika kabla ya kwenda kupigana na wenzao wa mkoa jirani wa Connacht. (Majina yao mengine wazee hawapendi kuyatamka, sisi tuliolelewa pwani hatukuhitaji maelezo.) Barabara ilijengwa, mti ukabakizwa. Mwaka 2002 kuna mtu aliufyeka matawi kwa msumeno. Ukachipua tena.

Lakini kilichonigusa zaidi ni madaftari. Kati ya 1937 na 1939, Tume ya Ngano ya Ireland iliwatuma wanafunzi wa shule za msingi kwa babu, bibi na majirani zao, waandike walichosikia: dawa za mitishamba, mizuka, vitendawili, miaka ya njaa. Shule zilikuwa kama 5,000, watoto wapatao 50,000. Leo kurasa zao zinasomeka mtandaoni. Katibu alituchapia baadhi za Clare, tukazisoma kwa zamu jioni za Novemba, huku tukizitia Kiswahili papo hapo. Nyingi zina jina la mzee aliyesimulia. Mzee huyo kaburi lake huenda halijulikani tena, ila maneno yake yapo.

Hapa sina budi kusema lililoniuma. Mzee aliyetutembeza kwenye boma la udongo shambani kwake, boma la kale ambalo baba yake hakuthubutu kulilima kwa kuwahofia hao "watu wema", alituahidi hadithi nzima. Mara mbili niliahirisha kwenda kumrekodi kwa sababu ya mvua. Amefariki mwezi Februari. Kosa ni langu, na familia yake nimeiomba radhi.

Hesabu atazisoma mhazini. Ada zimelipwa, deni hatuna.

Ombi langu ni hili. Watoto wetu wanasoma na wajukuu wa wazee hawa. Tuwanunulie madaftari, waende wawili wawili, mmoja wetu na mmoja wa kijijini, wakaulize. Hadithi wanazosikia kwa bibi zao kwa simu, kutoka Tanga, Lamu au Bukavu, ziandikwe katika daftari hilo hilo. Kila mwanachama anipe jina la mzee mmoja kabla ya tarehe 1 Februari, sikukuu ya Mtakatifu Brigid. La kwanza ninalo: jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, na Jumamosi nitakuwa kwake, hata mvua ikinyesha.